Mzazi, usiiachie simu ikufundishie mtoto desimali

Ni saa mbili usiku. Mezani kuna daftari la hisabati la binti aliyeanza kidato cha kwanza. Pembeni yake kuna chupa ya dawa ya homa ya mdogo wake na bomba dogo la plastiki la kupimia. Mama ana simu mkononi. Nyumba za namna hii ni nyingi.

Binti amerudi na alama mbili za kosa. Swali lilimtaka aseme namba ipi ni namba wiano na ipi siyo. Kwenye 2/3 aligawanya kwa kikokotoo cha simu, akaona 0.6666666667, akaandika kwamba desimali hiyo inaishia kwenye 7. Kwenye 22/7 aliandika kwamba siyo namba wiano, kwa sababu ni pai.

"Mama, si simu yenyewe imesema hivyo?"

"Mwanangu, hesabu niliachana nazo zamani. Kesho kamuulize mwalimu."

Wazazi wengi hujibu hivyo, na si kwa uvivu. Wengi walimaliza shule wakiamini hesabu ni za watu fulani. Lakini somo hili halihitaji mzazi aliyesomea hisabati. Linahitaji kujua kugawanya kwa mkono, kalamu, karatasi na dakika 20. Na anayelielewa anafaidika hata nje ya daftari, kwa kuwa chupa ile ya dawa nayo inapimwa kwa desimali.

Namba wiano ni nini?

Namba wiano ni namba yoyote inayoweza kuandikwa kama sehemu: namba nzima juu, namba nzima chini, na ya chini isiwe sifuri. Ya juu shuleni huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Hivyo 3/4 ni namba wiano. 5 nayo ni namba wiano, kwa sababu ni sawa na 5/1. Hata 0.7 imo, kwa sababu ni 7/10.

Namba isiyoweza kabisa kuandikwa hivyo, hata ukitafuta namba kubwa kiasi gani za kuweka juu na chini, huitwa namba isiyowiana.

Kitabu cha mtoto wa sekondari huenda kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini jambo ni hilo hilo. Ukitaka kuzitenganisha namba hizi, angalia desimali yake inafanya nini baada ya nukta. Kuna tabia tatu tu: inakoma, inajirudia, au haikomi wala haijirudii. Mbili za kwanza ni za namba wiano. Ya tatu ni ya namba zisizowiana.

Zinazokoma: unazijua tangu kliniki

Desimali zinazokoma mzazi anazifahamu vizuri kuliko anavyodhani. Mtoto akizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani huhesabiwa kuwa homa. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano huingia kwenye rangi nyekundu chini ya sentimita 11.5, ambayo ni dalili ya utapiamlo mkali.

Zote hizo zina tarakimu chache baada ya nukta, kisha basi. Ndiyo maana ni rahisi kuzigeuza kuwa sehemu: 2.5 ni 25/10, 37.5 ni 375/10 na 11.5 ni 115/10.

Mzani, kipimajoto na utepe vina alama chache zilizochorwa. Kipimo unachosoma hukoma kwa sababu alama za chombo zimekoma. Chombo cha kupimia hakiwezi kukuonyesha desimali isiyoisha. Hiyo hupatikana kwenye kugawanya na kufikiri, na hapo ndipo watoto huanza kupotea.

Sehemu ipi itakoma?

Kuna njia ya kujua kabla hata ya kugawanya. Kwanza rahisisha sehemu mpaka isirahisishike tena. Kisha iangalie asili yake, uivunje katika namba tasa. Ukikuta 2 tu, au 5 tu, au hizo mbili pamoja, desimali itakoma. Ikiwemo namba tasa nyingine yoyote, kama 3, 7 au 11, haitakoma.

Mfano ni 1/8. Nane ni 2 × 2 × 2, hivyo inakoma: 0.125. Kwenye 3/40, arobaini ni 2 × 2 × 2 × 5, inakoma: 0.075. Lakini 1/6 ina 2 na 3, na ile 3 inaharibu: 0.1666… bila mwisho.

Sababu yake iko wazi. Desimali zetu zimejengwa juu ya kumi, na kumi ni 2 × 5. Sehemu inayokoma ni ile inayoweza kugeuzwa iwe na 10, 100, 1,000 au namba nyingine ya aina hiyo chini. Asili yenye 3 haiwezi, kwa sababu hakuna namba katika hizo inayogawanyika kwa 3 bila baki.

Watoto wengi hukosea kwa kusahau kurahisisha. Ukimpa 6/15, ataona 15 ina 3 ndani yake, ataandika kwamba haikomi. Lakini 6/15 ni 2/5, na 2/5 ni 0.4. Mkumbushe kurahisisha kwanza.

Kwa nini nyingine hujirudia?

Hapa simu iwekwe pembeni. Mwambie mtoto agawanye 1 kwa 7 kwa mkono, na kila hatua aandike baki pembeni.

Kumi kwa saba ni 1, baki 3. Thelathini kwa saba ni 4, baki 2. Ishirini kwa saba ni 2, baki 6. Sitini kwa saba ni 8, baki 4. Arobaini kwa saba ni 5, baki 5. Hamsini kwa saba ni 7, baki 1.

Baki 1 ndiko alikoanzia. Kuanzia hapo hatua zote zitafuatana kama mwanzo, na jibu ni 0.142857142857… likizunguka bila kukoma.

Mwulize mtoto: ukigawanya kwa saba, baki linaweza kuwa namba zipi? Atajibu mwenyewe: 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Likiwa 0, kazi imeisha na desimali imekoma. Kama haliwi 0 kamwe, basi mabaki yanayowezekana ni sita tu. Baada ya hatua sita hakuna baki jipya, lazima moja lijirudie, na likijirudia, tarakimu nazo zinajirudia.

Hivi ndivyo ilivyo kwa kila sehemu, iwe asili yake ni 7, 13 au 1,994. Mabaki yana idadi, hivyo desimali ya namba wiano ama itakoma ama itajirudia. Njia ya tatu haipo. Mtoto akishaliona hili kwa mkono wake, hana haja ya kulikariri.

Kujirudia si lazima kuanze mara tu baada ya nukta. 7/12 ni 0.58333…, ambapo 5 na 8 hupita mara moja, kisha 3 inajirudia. Hiyo pia ni namba wiano.

Kosa la simu

Sasa turudi kwenye 0.6666666667. Ukigawanya 2 kwa 3 kwa mkono, baki ni 2 kila mara na tarakimu ni 6 kila mara. Ile 7 haipo popote. Imetoka wapi?

Kioo cha simu kina nafasi chache. Tarakimu zikizidi nafasi, simu hukata, na kwa kuwa tarakimu inayofuata ni 6, inakadiria kwa kuiongeza ya mwisho kuwa 7. Simu imetoa namba ya karibu, lakini haikusema kwamba ni ya karibu.

Kuna jaribio linaloonyesha tofauti hiyo. Kwa mkono, zidisha 0.6666666667 mara 3. Utapata 2.0000000001. Lakini 2/3 mara 3 ni 2 kamili. Kwa hiyo hizo ni namba mbili tofauti.

Je, mtoto anawezaje kuirudisha 0.666… kwenye sehemu? Aipe jina, tuseme N. Akizidisha kwa 10 anapata 6.666…, yaani 10N. Akitoa N kwenye 10N, mikia yote isiyoisha inafutana: 9N = 6. Basi N ni 6/9, yaani 2/3.

Zikijirudia tarakimu mbili, azidishe kwa 100. Kwa 0.272727…, 100N ni 27.272727…, ukitoa N unabaki na 99N = 27. N ni 27/99, na ukirahisisha ni 3/11. Hii ndiyo sababu kila desimali inayojirudia ni namba wiano: kila mara kuna njia ya kuirudisha kwenye sehemu.

Nepi na kipeuo cha mbili

Tabia ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi. Chukua nepi ya kitambaa ya mraba, ikunje kona kwa kona iwe pembetatu, kama akina mama wanavyofanya. Ule upande mrefu ni mrefu mara ngapi ya upande wa nepi?

Kama upande ni 1, upande mrefu ni namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa 2. Hiyo ndiyo kipeuo cha pili cha 2. Mpe mtoto ajaribu: 1.4 × 1.4 ni 1.96. 1.41 × 1.41 ni 1.9881. 1.414 × 1.414 ni 1.999396. Anasogea, lakini hafiki.

Tena hawezi kufika kwa desimali inayokoma. Tarakimu ya mwisho ya desimali hiyo lazima iwe kati ya 1 na 9. Ukizidisha tarakimu yoyote kati ya hizo yenyewe kwa yenyewe, jibu haliishii na sifuri: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81. Hivyo kila mara kutabaki tarakimu fulani baada ya nukta, na 2 kamili haitapatikana.

Wala haijirudii. Wagiriki wa kale walithibitisha, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba hakuna sehemu yoyote ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa 2. Desimali yake huanza 1.41421356… na kuendelea bila kukoma na bila mzunguko. Ni namba isiyowiana, ingawa unaweza kuishika kwenye pindo la nepi. Nepi ya sentimita 60 ikikunjwa, pindo hilo lina takribani sentimita 84.85.

Tahadhari: si kila kipeuo kiko hivyo. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na cha 0.25 ni 0.5. Mtoto asione alama ya kipeuo tu akaandika kwamba haiwiani.

22/7 siyo pai

Kosa la pili la binti yule ni la wengi, na chanzo chake ni shule ya msingi, ambako mtoto huambiwa kwamba pai ni 22/7. Alichotakiwa kuambiwa ni atumie 22/7 badala ya pai.

Pai ni mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Inaanza 3.14159265… Ukigawanya 22 kwa 7 unapata 3.142857142857…, ambayo inajirudia, kama ilivyo lazima kwa sehemu yenye 7 chini. Zinaachana kwenye tarakimu ya tatu tu baada ya nukta.

Kwa matumizi ya nyumbani tofauti hiyo ni ndogo mno. Sinia lenye kipenyo cha sentimita 28 lina mzingo wa sentimita 88 kwa 22/7, na takribani sentimita 87.96 kwa pai yenyewe. Hiyo ni chini ya nusu milimita. Lakini swali likiuliza aina ya namba, tofauti ni kubwa: 22/7 ni namba wiano, pai siyo.

Mwanahisabati Johann Heinrich Lambert ndiye aliyethibitisha mwaka 1761 kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu. Mwaka 2022 kompyuta zilifikisha tarakimu trilioni 100 za pai. Hata hivyo, tarakimu hizo si uthibitisho. Mtu akitazama tu, hawezi kujua kama mzunguko utaanza mbele zaidi. Hata 1/17 hupita tarakimu 16 kabla ya kuanza upya, na simu nyingi hazina nafasi ya kuzionyesha mara mbili. Kinachoamua ni sababu: namba imetoka wapi?

Kuna mtego mwingine kwenye mitihani: 0.101001000100001… Ina mpangilio unaoeleweka, kila mara sifuri zinaongezeka moja. Lakini hakuna kipande kile kile kinachorudi, hivyo ni namba isiyowiana. Kuwa na mpangilio si sawa na kujirudia.

Nukta kwenye chupa ya dawa

Sasa tuiangalie ile chupa. Dawa ya parasetamo kwa mtoto hupangwa kwa uzito wake, kwa kawaida miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtoto ana kilo 10 na amepangiwa miligramu 100, na chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Kila mililita ina miligramu 24. Mia moja kwa 24 ni 4.1666… mililita.

Ni desimali inayojirudia. Ukirahisisha 100/24 unapata 25/6, na kwenye 6 kuna ile 3. Hakuna bomba lenye alama ya 4.1666…, lazima namba ikatwe. Kuikata ni kazi ya mhudumu wa afya au mfamasia, anayejua dawa hiyo inavumilia kiasi gani na bomba lina alama zipi. Mzazi asikadirie mwenyewe kwa simu, wala asitumie kijiko cha jikoni, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani ukubwa. Na asihamishe kipimo cha chupa moja kwenda nyingine, kwani dawa ile ile inaweza kuuzwa kwa nguvu tofauti.

Hatari kubwa zaidi ni nukta yenyewe. Darasani 5 na 5.0 ni namba moja, na .5 na 0.5 ni namba moja. Kwenye karatasi ya dawa si salama kuziandika vyovyote. Nukta ikififia, .5 inasomeka 5, na 5.0 inasomeka 50. Mtoto anapewa mara kumi. Parasetamo ikizidi mno huumiza ini.

Ndiyo maana kuna kanuni inayofundishwa kwa watoa huduma: kabla ya nukta weka sifuri, baada ya namba nzima usiweke nukta na sifuri. Joint Commission, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, iliiingiza kanuni hiyo mwaka 2004 kwenye orodha yake ya maandishi yasiyotakiwa. Mzazi naye anaweza kuitumia anapoandika kipimo kwenye karatasi ya kumwachia dada wa kazi au bibi: 0.5, si .5; na 5, si 5.0.

Ukipewa karatasi yenye nukta usiyoiona vizuri, rudi ukaulize. Omba uonyeshwe kwenye bomba lenyewe dawa ifike alama ipi.

Zoezi la mezani

Chukua karatasi, andika namba hizi, mpange na mtoto katika mafungu matatu: 3/8, 5/6, kipeuo cha pili cha 5, 6/15, 22/7, pai, kipeuo cha pili cha 9, na 0.121212…

Zinazokoma ni 3/8 ambayo ni 0.375, 6/15 ambayo ni 0.4, na kipeuo cha pili cha 9 ambacho ni 3. Zinazojirudia ni 5/6, 22/7 na 0.121212… Zisizowiana ni pai na kipeuo cha pili cha 5.

Usimpe jibu kabla hajaeleza sababu. Akikosea, mwulize baki lake ni ngapi au asili imetokana na namba zipi. Simu itolewe mwishoni, kwa kuhakiki tu, na kila namba iliyokatwa aandike neno "takribani" mbele yake. Neno hilo moja lingemwokoa binti yule alama ya kwanza.

Na mzazi asione haya kusema kwamba hajui, mradi aongeze kusema, "Hebu tugawanye tuone." Binti aliyekosea 2/3 hakuwa mjinga. Aliamini alichokiona kwenye kioo. Akifundishwa leo kuuliza kama namba aliyopewa ni kamili au imekatwa, atauliza hivyo hivyo siku atakayokuwa yeye ndiye aliyeshika chupa ya dawa ya mtoto.